Kinyozi wa Mama

Foleni ya fulana haikuwa ikisogea, na jua la saa moja asubuhi lilishaanza kuchoma. Matembezi ya kuchangia wagonjwa wa saratani yangeanza saa mbili. Mwalimu wa chekechea alisimama na kaka yake, na katikati yao mama yao amekaa kwenye kiti cha plastiki walichokuja nacho, kilemba cha zambarau kichwani. Tangu mama aanze kuchomwa dawa za saratani hospitalini, mwalimu hakuwa amelala usingizi wa maana. Asubuhi hiyo alikuwa amevaa blauzi nje ndani na hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Zimebaki kubwa tu. Nikupe?"

Walipofika mezani hatimaye, mwalimu aliinua macho. Aliyekuwa akigawa fulana ni mpenzi wake, yule kinyozi, ndevu zimechongwa, shati limenyooka kwa pasi. Kwa wiki sita kinyozi alikuwa akimpigia simu, naye mwalimu akiiacha iite mpaka inyamaze. Moyo ulimpiga, na hilo likamuudhi zaidi.

"Nipe tatu."

"Umekonda, mpenzi."

"Wewe umenenepa. Raha hizo."

"Raha gani? Tangu uninunie nashindia mkate na chai."

"Usiniite mpenzi mbele ya watu."

Wiki sita nyuma mwalimu alirudi nyumbani kutoka kazini akamkuta mama hana unywele hata mmoja, kinyozi anafagia sakafu. Zile nywele alikuwa akizisuka yeye kila Jumapili. Alimuuliza kinyozi nani kamtuma, kinyozi akaendelea kufagia tu. Basi akamfukuza, fagio likiwa bado mkononi mwake.

Matembezi yakaanza. Kaka alikuwa mbele na kiti, mwalimu amemshika mama mkono, na kinyozi akaja nyuma kwa mbali kama mtu asiyejua alikaribishwa au la. Kufika meza ya maji mama alikuwa anahema. Kaka akamkalisha, akaenda kutafuta kivuli.

"Mpaka lini utamnunia huyu mtoto wa watu?" mama akauliza.

"Mama, alikunyoa bila hata kuniuliza!"

"Nilimwita mimi. Kila nikiamka mto umejaa nywele. Nikamwambia aninyoe kabla hujarudi, na asiseme kitu. Wewe ukizishika unalia, halafu mimi mgonjwa ndiye nikubembeleze. Nilichoka, mwanangu."

"Mbona uliniacha nimfukuze?"

"Ulivyofoka siku ile? Hata mimi nilijifunika shuka." Mama akatabasamu, kisha tabasamu likaisha. "Nilikosea. Nenda."

Alimfuata kinyozi pale alipokuwa anajifanya anafunga kamba za viatu.

"Kwa nini ulikubali kubeba lawama isiyo yako?"

"Mtu mzima akikukabidhi siri ya mwili wake, unaifunga. Ningekwambia, mama angenitazamaje?"

Mwalimu akakaa ukingoni mwa barabara. Watu walipita wakipiga makofi na kuimba, na yeye aliwaonea wivu kwa nguvu walizokuwa nazo.

"Nimechoka. Sina hata nguvu ya kukuomba msamaha vizuri."

"Acha. Keshokutwa ana dawa, si ndiyo?"

"Saa mbili."

"Nitampeleka mimi. Saluni nitafunga. Wewe ulale."

"Hujui karatasi zake. Hujui anavyotapika, hujui muuguzi yupi wa kumkwepa—"

"Nifundishe. Si wewe mwalimu?"

Akacheka, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo. Kinyozi hakumwambia anyamaze. Alikaa tu karibu yake, bega kwa bega.

"Na ile dawa ya baada ya hiyo?" akauliza akijifuta machozi kwa fulana.

"Nayo. Na nyingine zote. Ndivyo ninavyokuposa, kama hujaelewa."

Mwalimu alivua begani mkoba wa dawa na vyeti vya mama, ambao hata kaka yake hakuwahi kuruhusiwa kuushika, akamvisha kinyozi.