Kiatu cha Dohani

Harufu ya ngozi inayoungua ndiyo iliyoanza, tena asubuhi peupe, ilhali mekoni hamkuwa na kitu ila kuni.

"Wilfred, unaisikia?" Bi Agnes Thwaite alinong'ona.

"Masizi tu hayo, mama," mwashi akajibu bila kumtazama.

Masizi! Mwongo mkubwa. Juma lililopita, alipobomoa dohani iliyopasuka, alikuta kiatu kikuukuu cha mguu wa kushoto kimefichwa ndani ya ukuta wa mawe. Kila mwashi wa mabonde yale ya Yorkshire anajua kuwa hicho ni mtego wa kumnasa jini anayeshuka kupitia dohani. Ukikikuta, unakirudisha palepale. Wilfred alikisahau, akaziba ukuta, kisha akaona uvivu kuubomoa upya. Akakitupa motoni. Bi Agnes alipomuuliza, akaapa hakukuta kitu.

Sasa hatua za mguu mmoja zilisikika darini, ti, ti, ti, zikashuka ngazi za mawe, zikavuka sebule bila mwenye kuonekana, zikakoma kando ya Edith, mjukuu wa miaka sita, ambaye tangu Jumatatu mguu wake wa kushoto ulikuwa wa baridi kama maiti, na baridi ile ilikuwa imeshafika gotini.

"Bibi, ananivuta," mtoto alilia.

"Ni mimi!" Bi Agnes akajipiga kifua. "Mimi niliyetaka dohani iguswe. Nimemponza mwanangu!"

Hapo ndipo pa kusema kweli. Lakini Wilfred aliona aibu, akachukua nyundo yake.

"Nipe kiatu cha zamani cha Edith," akasema tu.

Akabomoa ukuta wa dohani, akakitia ndani, akaziba. Hatua zikanyamaza. Mguu wa Edith ukapata joto, mtoto akaomba mkate. Bi Agnes akambusu fundi mikono yote miwili.

"Mungu akubariki. Wewe mtu mwema, mimi ndiye mkosaji."

Naye akazipokea shukrani zile, akaondoka.

Nyumbani, mkewe Nell alifungua mlango, akatazama theluji nyuma yake.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Wacha mzaha, Wilf. Hizo nyingine ni nyayo za nani?"

Kando ya nyayo zake, toka barabarani hadi kizingitini, palikuwa na alama za mguu mmoja, peku, wa kushoto.

"Nilikichoma mimi," Wilfred akasema hatimaye.

"Umechoma nini?" Nell akauliza, akinusanusa.

Baridi ilikuwa imeshamfika Wilfred gotini.