Kiti cha Daktari Halidi

Siku ile nilikuwa namenya mihogo nyuma ya nyumba yetu, Mbwawa, mdogo wangu Kashindye aliporudi kazini shingo imepinda kushoto.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Unachungulia nini huko pembeni?"

Hakucheka. "Kidole gumba hakina hisia tena."

Kashindye ni daktari wa upasuaji. Hospitali yao, hapa Kibaha, ina mashine: mikono ya chuma ndiyo inayoingia mwilini mwa mgonjwa. Yeye anakaa pembeni, paji la uso limebanwa kwenye kioo cha kuchungulilia, anaiongoza kwa vidole. Watu husema hiyo ni kazi ya kukaa tu. Wakae wao saa sita bila kuinua kichwa. Kidole kile kikifa, hatapasua tena mtu, na hajui kazi nyingine.

Aliyemfundisha ni Daktari Halidi, mzee wa Kisarawe, mfupi. Mashine hukumbuka kimo cha kila daktari kwa jina lake: kiti, kiegemeo cha mikono, kioo. Kashindye ni mrefu kama mlingoti wa bendera, lakini aliona haya kupandisha kiti cha mwalimu wake. Miaka mitatu akakaa amejikunja. Mzee alipofariki, ndipo akaandika jina lake mwenyewe na kukipandisha.

Kila asubuhi anakikuta kimeshushwa.

"Ni Daktari Bertha," alisema. "Anaitaka nafasi yangu."

Nami nilimdhania huyo huyo. Nikampa kufuli letu la stoo afunge chumba cha mashine Ijumaa jioni. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga yangu.

Jumamosi mchana tukaenda wote wawili. Kufuli lilikuwa vilevile. Nikafungua mwenyewe.

Kiti kilikuwa chini. Kwenye skrini, jina la Halidi. Nikagusa pale panapoegemezwa paji la uso.

Pana joto. Pana jasho.

"Kaka," mtu akanong'ona nyuma yetu. Bertha, mlangoni. Shingo yake imepinda kulia. "Mimi nilidhani ni wewe unayekishusha."

Kashindye akalifuta jina la marehemu.

Wiki mbili baadaye kidole kikapata hisia. Shingo ikanyooka. Nikamshukuru Mungu, nikaacha kumkanda shingo kwa maji moto kila usiku.

Kisha suruali zake zikaanza kuburutika sakafuni. Nikazipunguza. Mwezi huu nimezipunguza tena.

Kwenye fremu ya mlango huwa nachora vimo vya wanangu kwa penseli. Jana Kashindye alisimama pale akisubiri nimfungie chakula. Kichwa chake kilikuwa chini ya mstari wa Devotha. Devotha yuko kidato cha pili.

"Kiti bado kinashuka?" nilimuuliza.

"Kinashuka," alisema, akapokea hotpoti lake. "Ila sasa kinanitosha."