Dramu Zilizomo Kwenye Disketi

Jua lilikuwa linazama mpiga kinanda alipoingia peke yake kwenye ukumbi wa bendi, kupima vyombo vya harusi ya kesho yake. Alichomeka mashine ya dramu, akatia disketi, akangoja isome.

Milio yote iliyokuwamo ilitoka mikononi mwa mtu mmoja, aliyekuwa mpiga dramu wa bendi. Walimwita Kobe, maana pigo lake lilichelewa kidogo tu, uchelewaji mtamu uliowainua watu vitini. Miaka mitatu nyuma mpiga kinanda alimwambia, "Piga kimoja kimoja, tunapima maikrofoni." Kobe akapiga kila ngoma, kila toazi. Wiki iliyofuata akaambiwa asije tena. Bendi imepata mashine. Hakuambiwa kwamba mashine imemmeza yeye.

Mwezi uliopita alizikwa. Jioni hiyo mjane wake alikuwa anakuja kuchukua dramu zake stoo, na mpiga kinanda alitaka kumaliza kabla hajafika.

Akabonyeza.

Mapigo yakaja sawasawa, kama alivyoyapanga. Kisha... yakachelewa. Kidogo tu.

Mashine haichelewi.

Akabonyeza kuzima. Haikuzimika. Akachomoa waya ukutani.

Dramu zikaendelea.

Harufu ya dawa ya kuchua ikajaa chumbani, ile aliyojipaka Kobe viganjani kabla ya kupiga. Spika ikanong'ona:

"Imetosha, kaka?"

Maneno hayo Kobe aliyasema siku ile ya kurekodi, na mpiga kinanda mwenyewe ndiye aliyeyakata kwenye rekodi.

"Hodi, shemeji." Mjane alikuwa mlangoni. "Nani anapiga?"

"Mashine tu, shemeji."

"Mashine gani inayochelewa? Wewe! Miaka kumi na saba mume wangu alinigongea pigo hilo kwenye ubao wa kitanda, nikimwambia lala, mzee, majirani watatucheka." Akacheka kidogo. "Mlipomwacha, kila asubuhi alinyoosha vidole akiniuliza, 'Mke wangu, nimeharibika wapi?' Mlimwacha kwa nini, shemeji?"

Mpiga kinanda akafungua kinywa amwambie ukweli.

"Ni... mashine tu."

Mama mjane akavuta kiti, akainamisha sikio kwenye spika. Ikanong'ona kwa muda mrefu. Mpiga kinanda, waya mkononi, hakuambulia hata neno moja. Mama aliitikia tu, "Mh... mh..."

Hatimaye akainuka.

"Amesemaje?" mpiga kinanda aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hana hasira nawe." Alikuwa anatazama sakafu. "Anaona haya kwa niaba yako. Ameniomba nisikutazame usoni."

Akaondoka bila kuzichukua dramu.

Kesho yake fundi wa redio alimweleza kwamba vyombo vya namna hiyo huweza kubakiza umeme ndani hata vikichomolewa.

"Kwa muda gani?"

"Sekunde mbili, tatu. Kwani yako ilikaa muda gani?"

Mpiga kinanda alikumbuka kwamba alichomoa waya jua likizama; mama yule alipoinuka kitini na spika kunyamaza, taa za barabarani zilikuwa zimekwisha kuwaka.

"Hizo hizo," akajibu. "Mbili, tatu."