Nguo za Baba Mkwe

Kulungu hakuanguka. Mshale ulimpata nyuma kidogo ya bega, akaruka juu, akatua, akatimua mbio kuelekea mtoni. Baba Thaddée, aliyekuwa amepiga magoti nyuma ya gogo kwa saa mbili bila hata kukohoa, akasimama na kumfuata kama mtu aliyesahau umri wake. Hapo ndipo safari ilipoharibika, ingawa kwa dakika chache wote wawili walidhani imefana.

Elkanah alikimbia nyuma yake na mkoba wa chai. Damu ilikuwa inaonekana wazi juu ya theluji, matone makubwa makubwa. Mwindaji wa hapa Minnesota, Marekani, angetulia kwanza, anywe kahawa yake, amwache mnyama alale na kufa polepole. Lakini Thaddée alijifunzia kazi hii katika msitu wa Itombwe, na huko mnyama aliyejeruhiwa akiachwa nusu saa tu, ameshakuwa kitoweo cha wengine. Yeye alifuata damu palepale, siku zote.

Alikuwa Mbembe wa Fizi, Kongo, mtu wa miaka hamsini na minane, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili katika mji wa New Hope. Wenzake wengi wa upinde huku huwinda wakiwa juu ya miti, wamejifunga mikanda kwenye viti vya chuma. Thaddée aliwacheka. Alisema mtu akipanda mti anawinda kama nyani. Yeye aliwinda chini, upepo ukimpiga usoni, akingoja mnyama afike karibu kiasi cha kusikika akitafuna. Na Jumamosi hiyo ya Novemba 2014, kwa mara ya kwanza, alimchukua mkwe wake.

Mkwe mwenyewe ndiye huyu Elkanah, Mkisii wa miaka thelathini na moja, msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa amemwoa Maombi, binti wa Thaddée, miezi minne iliyopita, na katika miezi yote hiyo baba mkwe alikuwa hajamwambia zaidi ya habari za asubuhi na karibu chakula. Kwa hiyo mwaliko ule ulimfurahisha mno. Walipoegesha gari kando ya reli, chini ya mji wa Inver Grove Heights, na Thaddée akasema simu zibaki ndani zisije zikalia, Elkanah aliiacha yake bila neno. Angeambiwa aache na viatu, angeviacha.

Damu iliwaongoza mpaka miti ikaisha. Mbele yao kulikuwa na uwanja mweupe, mpana, sawasawa, na ng'ambo yake miti mingine. Nyayo za kulungu zilikata katikati. Thaddée aliona mbuga. Elkanah, aliyekuwa na majira manne ya baridi nyuma yake, alitazama na kuona kwamba hakuna hata bua moja la nyasi lililochomoza juu ya theluji ile. Ule ulikuwa mkono wa Mississippi, ulioganda juzi juzi tu na kufunikwa na theluji ya Alhamisi.

Aliijua hatari hiyo, na hakusema. Hili litasumbua roho yake mpaka azeeke. Mdomo ulifunguka, akamwona mzee anatembea kwa furaha, na mkwe hamkatizi baba mkwe, hamfundishi njia, hamwiti kwa kelele mgongoni. Alijiambia kwamba Januari ameona malori yameegeshwa juu ya barafu ya ziwa. Akakanyaga na yeye, akafuata.

Walikuwa wamebakiza hatua kama kumi na tano kufika ng'ambo barafu ilipolia. Thaddée aligeuka kusikiliza, akazama mpaka kifuani, kisha mpaka kichwani, upinde ukienda naye. Elkanah alijitupa kifudifudi, mkoba wa chai ukamponyoka na kuzama. Maji yalimfikia magotini na kwenye mikono, na nyuma yake njia waliyojia ikafunguka vipande vipande, mto mweusi ukaonekana. Mahali pa kwenda palibaki mbele tu. Alitambaa kwa tumbo akimzunguka mzee, akafika kwenye miti, akavunja tawi refu, akarudi nalo akitambaa. Thaddée alilishika mara ya tatu. Elkanah alivuta kwa nguvu zote, huku akilia bila kujua kama analia.

Walipofika juu ya udongo mgumu wakagundua ni kisiwa. Upande mmoja maji waliyoyapasua wenyewe, upande mwingine mto mkubwa wenyewe, haujaganda. Gari lilikuwa ng'ambo, pamoja na simu. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, na upepo unapita.

Kulungu alikuwa amelala chini ya mti hatua ishirini hivi kutoka pale, ameshakufa, mshale ubavuni.

Thaddée alitetemeka mpaka meno yakagongana. Nguo zake zilikuwa zinaganda, koti likawa gumu, suruali ikalia alipojaribu kukunja goti. Elkanah alijua la kufanya kuliko mtu yeyote kati ya kisiwa kile na jiji la Saint Paul. Nguo za maji zivuliwe zote, mwili ukaushwe, mtu afunikwe kwa nguo kavu na ashikiliwe kifuani kwa mwenye joto. Kazini aliwavua wazee wanane kila asubuhi kabla ya saa mbili, huku akiwauliza habari za wajukuu. Mikono yake ilijua kazi hiyo hata ikiwa usingizini.

Lakini huyu hakuwa mzee wa kazini. Kwao Kisii jambo hili lina jina, chinsoni, aibu iliyowekwa kati ya mtu na wazazi wa mkewe. Humwoni baba mkwe akiwa uchi. Huingii anakolala, humgusi mwili. Akiingia bafuni wewe unatoka nje ya nyumba. Elkanah alifundishwa hivyo kabla hajafundishwa kusoma. Na kwa Wabembe mambo hayakuwa tofauti sana, maana alipoinua mkono kugusa zipu ya lile koti, mzee aliurudisha kwa kiwiko.

"Usinikamate," Thaddée alisema. "Weye uko mukwe wangu."

"Baba, utakufa kwa baridi."

"Washa moto."

Kiberiti alikuwa nacho Thaddée, mfukoni, na kilikuwa kimelowa. Elkanah alijua kimelowa. Hata hivyo aliondoka kwenda kutafuta kuni, na tuseme ukweli, aliondoka kwa sababu kutafuta kuni kulikuwa rahisi kuliko kumvua mzee. Alizunguka kisiwa, akakusanya vijiti, akarudi, akakwaruza njiti baada ya njiti mpaka vichwa vya kiberiti vikamomonyoka kama unga. Zilipita dakika ishirini na tano. Aliziangalia kwenye saa yake ya mkononi, moja moja.

Kisha Thaddée akaacha kutetemeka. Asiyejua angefurahi. Elkanah alijua mwili umeanza kushindwa. Alimwita, mzee akajibu kwa Kibembe, ulimi mzito, akimwambia mtu fulani afunge mbuzi.

"Nisamehe, Baba," Elkanah alisema, akachukua kisu kiunoni mwa mzee.

Alimvua akiwa ametazama mtoni. Aligeuza uso kando kabisa, shingo ikamuuma, na kufanya kazi kwa kupapasa. Zipu ilikuwa imeganda, akachana koti. Mikono ya koti akaipasua kwa kisu kuanzia begani kushuka mpaka kwenye kifundo cha mkono, akaitupa. Sweta, shati, suruali, soksi. Alimkausha kwa fulana yake mwenyewe, bado anatazama mto, akamvisha sweta lake, suruali yake ya ndani ndefu, koti lake. Akabaki na shati, jinzi iliyolowa magotini na kizibao cha rangi ya machungwa. Hakumwona mzee hata mara moja. Wakati ule jambo hilo lilimpa amani.

Miguu ya Thaddée ilikuwa baridi kuliko udongo. Elkanah alimburuta mpaka kwa kulungu, akampasua mnyama tumbo. Maishani mwake alikuwa amechinja kuku tu, na kisu kiliteleza mara mbili. Mvuke ulipanda. Akatia miguu ya baba mkwe mle ndani, kwenye joto lililokuwa limebaki, akaizungushia matumbo na kushikilia ngozi ifunge. Halafu akalala nyuma yake, akamkumbatia mgongoni, akafunika wote wawili kwa majani makavu aliyoyakwangua chini ya theluji. Hakuna Mkisii aliyewahi kumsimulia jambo kama lile, na kama lilitokea, waliolitenda hawakusema.

Alimsemesha ili asilale. Alimuuliza juu ya Itombwe, mzee akajibu neno moja moja. Alimuuliza maji yanakopatikana msituni, na namna ya kujua upepo unakotoka hata usipovuma. Zaidi ya saa moja ilipita hivyo, na katika saa hiyo walizungumza kuliko miezi minne.

Treni ya mizigo ilipita ng'ambo Elkanah akiwa bado amelala chini. Alipofika ukingoni ilikuwa imeonyesha mkia wake. Alisimama pale akiwa na shati na kizibao tu, akamlaumu Mungu kwa sauti, kisha akamwomba msamaha kwa sauti. Alivua kizibao, akakifunga kwenye lile tawi refu. Kuanzia hapo alikuwa akikaa dakika chache kwa mzee kumpa joto, anakwenda ukingoni kutazama reli, anarudi. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi. Kila aliporudi aliogopa kumkuta Thaddée amekwisha, akaweka sikio puani mwake kabla ya kulala tena nyuma yake. Angemwambia nini Maombi? Kwamba baba yake alikufa kwa heshima?

Treni ya pili ilikuja saa sita kasoro. Elkanah alipunga tawi mpaka mabega yakamlegea, na dereva akapiga honi, mara moja ndefu, kisha mara mbili fupi. Elkanah alikaa chini kwenye theluji. Dakika thelathini na tano baadaye zimamoto walikuja juu ya barafu na mtumbwi wa mpira uliofungwa kamba. Mmoja wao aliondoa majani, akaona kulungu, akaona miguu, akamtazama Elkanah. Kisha akafungua koti kumpima mzee mapigo ya moyo, akaushika mkono wa kulia, akasema, "Why's he still got this on?" Mbona bado amevaa hii?

Ilikuwa glavu ya ngozi ya kuvutia ugwe wa upinde, ile inayofungwa kwa mkanda kwenye kifundo. Ilikuwa imeganda kama jiwe. Elkanah alipasua mkono wa koti mpaka pale pale kwenye kifundo, akavuta, hakuangalia kilichobaki, na vidole vyake vyenye ganzi havikuitambua.

Miguu ya Thaddée ilipona yote. Kwenye mkono wa kulia madaktari walikata vidole vitatu, vile vile vya kuvutia ugwe.

Elkanah alienda hospitali kila siku baada ya kazi, akasimama mlangoni. Mama mkwe, Bernardine, alimshukuru kwa machozi, Maombi akamshika mkono, watu wa kanisa wakamwita shujaa, na kila aliposikia neno hilo alitamani kutoka nje. Siku ya tisa Bernardine alipokwenda kutafuta chai, wakabaki wawili, na Elkanah hakuweza tena kuficha.

"Baba, ile glavu ni mimi niliiacha. Sikuangalia. Na ile barafu, nilijua ni maji, nikanyamaza."

Thaddée alitazama dari. Alikuwa amekonda, na sauti yake ilikuwa chini.

"Ya barafu sikujua," alisema. "Ya glavu nilijua. Akili ilikuwa inaenda inarudi. Ikirudi, nasikia vidole vinaungua. Halafu vikaacha kuungua. Nilijua maana yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungegeuka. Na miye nilikuwa uchi mbele ya mukwe."

Elkanah alitaka kukasirika, akashindwa kujua amkasirikie nani, maana katika kisiwa kile walikuwa wawili tu na wote walifanya kosa moja.

Muuguzi akaingia na sinia la kubadilishia bandeji. Jina lake Kemunto, dada wa kwao Kisii, na hakuhitaji kuelezwa kitu. Alimwona Elkanah ameshaanza kugeukia ukutani, akamwambia kwa upole asubiri nje kidogo, akashika pazia alivute.

"Hapana, mama," Thaddée alisema. "Liache."

Aliinua mkono ule wa bandeji kutoka juu ya shuka na kuunyoosha.

"Elkanah," alisema. Hakuwahi kumwita kwa jina. "Geuka. Uangalie."

Kemunto alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaanza kufungua bandeji taratibu, mzunguko baada ya mzunguko. Elkanah aligeuka, akasogea mpaka kando ya kitanda, akaangalia.