Mwari Mwenye Ndevu

Zama zile ambapo kila mji wa pwani ulikuwa na jumbe wake, ukuta wake na ugomvi wake, mji wa Kitokwe ulizingirwa na jeshi la Siwandu. Humo mjini aliishi malenga mmoja, Shekue bin Athmani, ambaye ulimi wake uliogopwa kuliko gobori. Aliwahi kumtungia kadhi mlafi beti tatu tu, kadhi akahama mji.

Siku ya thelathini na tatu ya mazingiwa, Amiri Mshamu, mkuu wa majeshi, alimwita nyumbani kwake. Walisoma chuo kimoja utotoni, wakala sahani moja.

"Ndugu yangu, nakupa siri asiyoijua hata Jumbe," alisema Mshamu. "Adui wanakunywa maji ya visima vya mkondoni. Bamvua, yale maji makuu ya bahari, ikijaa, visima vile hugeuka chumvi. Zimebaki siku saba. Tukitulia ndani wataondoka wenyewe, wala hapatalia mama yeyote. Lakini wapelelezi ni wengi. Nikilitangaza, watahamia visima vya bara. Basi nitungie beti za kuwatuliza watu."

"Nitafanya, Amiri. Wallahi nitafanya."

Akatoka na nia njema kabisa. Kwa hilo namsadiki. Njiani, lakini, yale maneno "siku saba" yakamganda kichwani. Nani hufungiwa ndani siku saba? Bibi harusi! Kabla hajafika barazani kwake ubeti ulikwisha kujitunga, na haukuwa wa kutuliza mtu:

*Mwari gani wa kutisha, mwenye ndevu na sharubu,*
*Fungate haijaisha, hata adui karibu,*
*Upanga aurembesha, hauijui ghadhabu,*
*Kungwi nani wa kumwosha, atoke atoe jibu?*

Alijua ni khiyana. Alijua, akaunong'ona kwa marafiki watatu tu, maana ubeti mzuri ukikaa tumboni unawasha. Wale watatu nao walikuwa na marafiki.

Kesho yake wanawake waliuimba wakitwanga. Siku ya tatu askari waliuimba juu ya ukuta, na Amiri alipopita na kilemba chake cha hariri, mmoja akapiga kigelegele kama harusini. Kikosi kizima kikaangua kicheko. Shekue alikuwapo. Alitaka kusema, "Jamani, mwacheni," badala yake akatabasamu, kwa kuwa walikuwa wanamtazama yeye.

Siku ya tano pembe ya siwa ikalia. Amiri alikuja langoni na ngao ya ngozi ya kifaru na jambia kiunoni, nyuma yake vijana sitini. Shekue akamkimbilia, akamshika kanzu.

"Usitoke! Zimebaki siku mbili!"

"Vijana wameapa kutoka, nami au bila mimi," alijibu Mshamu. "Afadhali niwe mbele yao." Akamwondoa mkono taratibu. "Nilikupa siri, Shekue, wewe ukaona ina vina."

Lango likafunguliwa. Hata adhuhuri haijaadhiniwa, walirudi tisa. Amiri hakuwamo.

Siku mbili baadaye bamvua ikajaa, visima vikageuka chumvi, na adui wakang'oa mahema. Watu wa Kitokwe, ambao akili yao sitaki kuisifu, wakasema adui wametishwa na wale sitini. Na nani aliyewatoa wale sitini? Shekue! Jumbe akamvika joho la kitambaa cha Hindi mbele ya umati. Lilimchoma mabegani, na usingizi ukamtoroka.

Ndipo Mwana Tatu, mjane wa Amiri, akamjia barazani na ushungi wake.

"Bwana Shekue, mume wangu anaitwa mwoga aliyeamshwa. Wanangu wanaitwa watoto wa mwari. Wewe unaujua ukweli."

"Naujua, Mwana."

"Basi useme."

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Shekue alipanda ngazi akavua joho. Mwana Tatu alisimama ng'ambo ya pili ya uwanja na wanawe.

"Enyi watu wa Kitokwe! Amiri Mshamu hakuwa mwoga. Alijua habari ya visima, akaniambia mimi, nami nikamsaliti kwa ajili ya kicheko chenu. Angesikizwa, asingekufa mtu hata mmoja. Mimi ndiye niliyewaua wale vijana!"

Muuza tambuu mmoja akacheka.

"Mnamwona leo? Amemgeukia nani? Anajikejeli mwenyewe!"

Kicheko kikatambaa uwanjani kote. Shekue akalia. Machozi yakamtiririka ndevuni, akapiga magoti, akawasihi kwa jina la Mungu wamsadiki. Wakashika mbavu. Wazee wakaegemeana kwa kucheka. Tangu wazaliwe hawajamwona akiigiza vizuri namna ile.

Mwana Tatu akawashika wanawe mikono akageuka kwenda zake, na nyuma yake umati ukapaza sauti:

"Rudia, malenga! Rudia hapo unapolia!"