Upepo wa Fundi

Kila siku, jua likishapita utosini, watu wa nyumba ile walisogea barazani kungoja upepo wa fundi.

Nyumba yenyewe haikujua upweke. Mbele kulikuwa na karakana ya baba, fundi wa friji. Nyuma waliishi mama, shangazi, watoto wanne, na mgeni yeyote aliyekosa pa kulala. Friji mbovu zilisimama ukutani, nyeupe, kimya, kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari.

Kazi ya kufungua friji baba aliiweka mchana, joto linapozidi. Alishika koleo, akakata mrija mwembamba wa nyuma. Fsssss! Gesi ilitoka kwa mluzi. Ukungu wa baridi ulicheza hewani, kisha ukapotea. Watoto walicheka. Shangazi alifumba macho na kunyoosha shingo.

"Kaka, hapo umenipepea mpaka roho," alisema. "Kata na ile nyingine."

Binti mkubwa wa fundi naye alifumba macho. Alikuwa amemaliza chuo mwaka uliopita, masomo ya mazingira. Nyumbani walimwita Mawingu, maana ukimtuma chumvi hurudi na kiberiti. Mluzi ule ulimchukua mbali. Alijiona katika chumba chenye dirisha kubwa. Ramani imetandazwa mezani. Watu wanauliza habari za tabianchi, naye anawajibu bila kusita. Mluzi ukakatika. Akajikuta barazani, beseni la vyombo magotini.

Alikuwa ameandika barua kumi na moja za kuomba kazi. Zote zilirudi na neno moja: uzoefu.

"Huo uzoefu unauzwa duka gani?" shangazi aliuliza. "Nimechoka kuwaambia majirani kwamba unasubiri simu."

"Mwache mtoto," mama alisema. "Subira huvuta heri."

"Wifi, heri imevutwa mpaka kamba inataka kukatika!"

Siku moja alikuja mwanamke mwenye kofia pana. Nyuma yake mkokoteni ulibeba friji. Shangazi hapitwi na habari za mtaa. Alishajua kila kitu: ni afisa wa mazingira, amehamia nyumba ya kona, friji yake haigandishi.

"Na mapazia yake mazuri," alimnong'oneza mama.

Fundi aliinama, akaisikiliza friji. "Kompresa imechoka," alisema. "Lazima nifungue." Akachukua koleo. Watu wakasogea kama kawaida yao.

"Kaa hapa, mama," shangazi alimwambia mgeni na kumvutia kiti. "Hapa ndipo upepo unapopita."

"Upepo gani?"

"Subiri. Utanishukuru."

Afisa alitazama koleo, akatazama mrija. Akaruka kutoka kitini.

"Fundi, usikate!"

Mkono wa fundi ulibaki hewani.

"Gesi hiyo ukiiachia, inakwenda wapi?" afisa aliuliza.

"Inakwenda zake. Si hewa tu?"

"Haiendi zake. Inakaa juu yetu." Afisa alivua kofia, akajipepea. "Dunia ina blanketi la hewa. Bila blanketi hilo tungeganda. Lakini moshi wa magari na viwanda unalinenepesha. Joto linakosa pa kutokea. Ndiyo maana mvua zinapotea njia na jua linazidi. Sasa gesi ya friji hii ni kali zaidi. Kilo moja yake hushika joto jingi kuliko kilo elfu moja za ile hewa ya ukaa inayotoka kwenye moshi."

Shangazi alikodoa macho. "Yaani huu upepo unaotupoza..."

"Unakupoza dakika moja, dada. Unatuchoma miaka mingi."

Fundi hakupenda. "Nimefungua friji miaka ishirini na sita. Gesi hii imewasomesha watoto wangu. Leo naambiwa nachoma dunia?"

"Hukujua, fundi. Lakini sheria imepita. Miezi miwili kutoka leo, fundi asiye na cheti hataruhusiwa kununua gesi wala kufungua friji."

Kila mtu pale alijua: karakana ikifungwa, na jiko limefungwa. Fundi aliweka koleo chini, akaingia ndani. Siku hiyo hakula.

Mawingu alibaki akitazama mrija usiokatwa. Aibu ilimpanda taratibu. Chuoni alijibu mtihani mzima juu ya gesi hizi, akapata alama nzuri. Kisha akarudi nyumbani, akakaa chini ya upepo na wenzake.

Alijilaza kwenye mkeka, usingizi ukamwiba. Akaota friji zote ambazo baba yake alizifungua tangu ujana. Zilijaa uwanja mpaka macho yanapoishia. Milango ilikuwa wazi, taa ndogo za ndani zinawaka. Zote zilikuwa zinapumua. Pumzi zilipanda polepole, nyeupe, zikashikana, zikawa shuka moja kubwa. Shuka likashuka, likamfunika uso. Aliamka jasho linamtiririka.

Kesho yake alikwenda nyumba ya kona na barua ya kumi na mbili.

Afisa hakuifungua. "Unawajua mafundi wangapi wa friji mjini hapa?"

Mawingu alihesabu vidole, akarudia. "Kumi na tisa. Wote wamekula kwetu."

"Basi wewe unacho nisicho nacho mimi. Sheria ninayo. Mashine ya kukusanya gesi ninayo. Mafunzo ni siku tano, na ni bure. Lakini mafundi wakiona kofia yangu, wanafunga milango."

"Mimi sina uzoefu," Mawingu alisema.

"Uzoefu huanza mahali. Kazi za tabianchi si za ofisini tu. Kuna anayefunga umeme wa jua. Kuna anayepima mvua. Kuna anayeandika sera, na kuna anayeieleza mpaka fundi akaielewa. Mlete baba yako kwenye mafunzo, mkae pamoja. Akija yeye, wengine watakuja. Hapo nitakuwa na kazi ya kukupa."

Nyumbani, baba alitikisa kichwa kabla hajamaliza kusikia.

"Nikae darasani, na mvi hizi? Nifundishwe kushika koleo?"

"Hapana, baba. Koleo utanifundisha wewe. Mimi gesi naijua kwenye karatasi tu. Wewe unaijua kwa mkono. Tupeane."

"Hizo sera ni za watu wakubwa."

"Sera ni makubaliano, baba. Humu ndani si tumekubaliana maji ya kunywa hayachotwi kwa kopo la kuogea? Hakuna aliyetuchapa. Tuliona watoto wanaugua, tukakubaliana. Nchi nazo zimekaa, zikakubaliana kupunguza gesi hizi hatua kwa hatua. Wanauita uendelevu. Tumia leo, bila kumnyima wa kesho."

"Maneno marefu ya nini?" shangazi alidakia. "Si useme tu: usile mbegu!"

Baba alicheka bila kutaka. Na mzee akishacheka, nusu amekubali.

"Siku tano," alisema. "Ya sita usiniambie kitu."

Walikwenda. Mawingu alijifunza kuunganisha mirija kwa moto, akaunguza kidole gumba. Baba alijifunza kufunga bomba la mpira kwenye mrija, mashine ikavuta gesi yote na kuitia mtungini. Gesi hiyo husafishwa na kutumika tena. Siku ya mwisho mwalimu alieleza kwamba gesi za friji nyingine mpya hushika moto upesi. Baba alisimama.

"Kumbe ndiyo iliyochukua nyusi zangu mwaka jana!"

Darasa lilivunjika kwa kicheko. Habari zilifika kwa mafundi kabla yeye hajafika nyumbani. "Fundi wa nyusi amepata cheti," walisema. Mafunzo yaliyofuata, wakaja kumi na mmoja. Wanane waliobaki Mawingu aliwafuata mmoja mmoja; kila karakana alipewa kiti, nao wakaja kusoma. Siku ya sheria ilipofika, hakuna hata karakana moja iliyofungwa.

Sasa Mawingu ana mkoba wenye jina la kazi yake: mwelimishaji wa mafundi. Shangazi amelisoma kwa majirani wote, hata kwa wasiouliza.

Mchana mmoja, watu walisogea tena barazani. Mazoea yana taabu. Fundi alifunga mpira, akawasha mashine. Ikanguruma chini chini, kama paka aliyeshiba. Hapakuwa na mluzi wala ukungu.

"Na mimi nitapepewa na nini?" shangazi alilalamika.

Fundi alichana kipande cha boksi la friji, akampa. "Jipepee, dada. Usile mbegu."

Mawingu aliweka kiganja juu ya mtungi. Aliuinua kidogo. Ulikuwa mzito kuliko jana. Akafumba macho, akaona ule uwanja wa friji. Milango ilikuwa inajifunga, mmoja baada ya mwingine, taratibu, bila sauti.