Pazia la Chumba cha Nyuma

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Kidole aliketi mlangoni akang'arisha viatu vya mama yake kwa kitambaa kikuukuu chenye maua ya manjano. Kiatu cha kulia kilikuwa kimelika upande mmoja, kwa kupanda ngazi za watu. Mama yake alikuwa mwonyesha nyumba. Miaka kumi na mmoja aliwatembeza wapangaji chumba kwa chumba, funguo zikilia kiunoni, mpaka mtaa mzima ukamwita Mama Funguo. Ofisi yake haikumpa mshahara. Nyumba ikipata mpangaji, naye alipata chochote. Isipopata, alirudi na vumbi lake. Kisha siku moja wakamwambia wanataka vijana wenye simu, wakamvua funguo. Asante hawakusema. Mambo kama haya watu huyasahau upesi, ndiyo maana hujirudia.

Miezi minne baadaye, kampuni nyingine ya nyumba ilitangaza nafasi moja. Haikutaka barua ya maombi. Ilitaka mwombaji achukue ufunguo kwa mlinzi wa nyumba fulani, aingie, ajirekodi kwa simu akimwonyesha mteja asiyekuwepo.

"Nimwonyeshe mtu ambaye hayupo?" aliuliza Mama Funguo. "Si watu watasema nimepagawa?"

"Utaniangalia mimi, mama," alisema Kidole, ambaye jina hilo alipewa darasani kwa kasi ya kidole chake kwenye simu. "Mimi ndiye mpangaji."

"Mpangaji gani mwenye wino usoni?"

Jumamosi wakaenda. Mama alionyesha sebule, jiko na chumba cha mbele kana kwamba hajaachishwa kazi hata siku moja. Katika chumba cha nyuma alisimama, akaweka kiganja ukutani.

"Ukuta huu unatoka maji," alisema taratibu. "Mvua ikinyesha, unyevu unapanda mpaka hapa gotini. Ukiwa na mtoto mdogo, usimlaze humu mpaka mwenye nyumba atengeneze."

Nyumbani, Kidole aliitazama video mara tatu. Alijiuliza ni nani atakayemwajiri mtu anayeisema vibaya nyumba anayotakiwa kuipangisha. Akakikata chumba cha nyuma chote, akatuma iliyobaki.

"Imekwenda yote?" aliuliza mama yake.

"Imekwenda," alijibu Kidole, macho yake yakiwa kwenye simu.

Jumatano mama aliitwa kwenye usaili. Kidole alipotoka shuleni alimfuata, akaketi kwenye benchi la ukumbini. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Ndani waliketi watu wawili: meneja, mwanamke wa makamo mwenye miwani, na kijana anayesimamia ajira.

"Mama, nyumba ile tunaijua," alisema meneja. "Ina vyumba viwili vya kulala. Wewe umetuonyesha kimoja. Cha pili kimekwenda wapi?"

"Nimekionyesha, bibie. Ukuta wake nimeushika kwa mkono huu."

Kijana akamgeuzia skrini. Mama Funguo aliitazama video mpaka mwisho. Mkono wake ukashuka kiunoni, pale funguo zilipokuwa zikining'inia zamani, ukakosa cha kushika.

Meneja akafunga faili. "Tunakushukuru kwa kuja, mama."

Kidole alijua maneno hayo yana maana gani. Mama yake alikwisha kuyaleta nyumbani mara nyingi. Akainuka, akaingia.

"Mimi ndiye niliyekata."

"Wewe ni nani?" aliuliza meneja.

"Mwanawe." Akakumbuka adabu. "Shikamoo. Niliogopa ataikosa kazi kwa ajili ya ukuta. Yeye hakujua. Ile nzima ninayo hapa."

Waliitazama yote. Sauti ya mama ilipomaliza kusema habari za mtoto mdogo, meneja akavua miwani, akamtazama Kidole.

"Marahaba," alisema meneja hatimaye.

"Tumepokea video kumi na mbili," alisema kijana. "Tisa zimesema chumba kile kinafaa sana kwa watoto."

Meneja akafungua faili tena. "Mama, unaweza kuanza Jumatatu?"

"Na mimi nina maswali," alisema Mama Funguo. "Nitapewa mkataba wa maandishi? Nitalipwa hata mwezi ambao hakuna aliyepanga? Nauli ni ya nani?"

Kijana akatabasamu. "Siku hizi waombaji wote wanauliza hivyo. Zamani hawakuwa wakiuliza."

"Tuliuliza, mwanangu. Hatukujibiwa."

Tabasamu la kijana likatoweka. Meneja alichukua kalamu, akayaandika majibu yote matatu kwenye karatasi ya mkataba.

"Na ukuta?" aliuliza Mama Funguo.

"Hatumpangishi mtu mpaka fundi amalize."

Walipotoka na kufika kona ya pili, mama alipunguza mwendo.

"Kule nilikotoka kulikuwa na ukuta kama ule," alisema. "Bosi alinipa pazia la maua niufunike. Nililitundika kwa mikono hii. Akaja mama mwenye kichanga, nikamwambia chumba kina hewa nzuri. Mtoto yule alikohoa msimu mzima."

"Alipona?"

"Walihama. Sijui, na kutojua huko ndiko kunakonitesa. Nililishusha pazia, nikamwambia mpangaji aliyefuata ukweli. Wiki ile ile wakakumbuka kwamba wanataka vijana wenye simu."

Kidole aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

"Najua ulitaka nipate kazi. Lakini ulichokata ndicho kazi yenyewe, mwanangu. Anayeficha ukuta anamuuzia mtu ugonjwa. Na ulipokosea, ulisimama ukasema mbele ya watu. Hilo usiliache. Mimi lilinichukua msimu mzima, wewe siku nne."

Jumatatu asubuhi Kidole aliketi mlangoni na viatu vya mama yake. Alikunjua kitambaa, akayatazama maua yake ya manjano. Ukingoni palikuwa na pindo pana, na ndani ya pindo matundu ya kupitishia kamba. Akakichovya katika rangi ya viatu, akaanza na kiatu cha kulia.